Mkono Niliouacha Gotini

Nyumbani kwangu hatutumii tangawizi mbichi. Natumia ya unga, ya kwenye pakiti, na wanangu wamezoea. Lakini mwezi uliopita tulipopanda milimani kumzika mama, wanawake wa kijiji walikuwa nyuma ya nyumba wakitwanga tangawizi ya chai ya waombolezaji, na harufu ilipoingia dirishani nilishindwa kuendelea kukaa mkekani. Nikainuka nikatoka nje. Waliokuwa wamenizunguka walidhani ni uchungu wa mama. Niliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu kuwaeleza kwamba pale nilikuwa nimenusa pumzi ya mtoto mwenzangu wa zamani kungehitaji nieleze na mengine yote.

Mtoto huyo aliitwa Nakiete. Alikuwa kiziwi, na hadi leo sijamwona mtu anayecheza ngoma kama yeye. Baba yake alilima tangawizi, kama karibu kila mtu upande ule wa Upare, na yeye hakukosa kipande mfukoni mwa sketi ya shule. Alikitafuna kidogo kidogo kutwa nzima. Ukisimama naye uso kwa uso, pumzi yake ilikuwasha macho.

Mimi sikuwa mtu wa kule. Nilizaliwa Makanya, chini tambarare, kwenye kambi ya wakata mkonge. Wazazi wangu walitoka Singida kufuata kazi hiyo. Baba alipotuacha, mama alisikia kwamba kuna shule ya msingi huko juu inatafuta mpishi, akafunga vitu vyetu kwenye shuka mbili, tukapanda. Nilikuwa na miaka kumi. Asubuhi ya kwanza, kwenye baridi ya kule, nilipoona moshi unatoka mdomoni mwangu nililia nikidhani ninaungua ndani.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi mtoto mgeni alivyopokelewa shuleni. Wenzangu walisema Kipare wakati wote ambao mwalimu hayupo, na mimi sikujua hata neno. Halafu kulikuwa na meno yangu. Maji ya kisima cha kambini yaliyafanya meno ya watoto wote wa kule kuwa ya rangi ya chai. Kambini hatukujua kuwa ni kasoro, maana tulikuwa nayo sote. Huku juu walikunywa maji ya chemchemi na meno yao yalikuwa meupe. Siku ya kwanza msichana mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Kwani kwenu mnakula udongo?" Kuanzia siku hiyo nikajifunza kucheka midomo ikiwa imefungwa, na baada ya muda nikaacha kucheka.

Shule ile ilikuwa na darasa la watoto viziwi. Walitoka vijiji mbalimbali na walilala bwenini. Mwalimu wao, Mwalimu Mbwambo, alikuwa mnene, mwenye haraka, na alikuwa na jambo moja ambalo walimu wenzake walilifanyia mzaha ofisini: alisema viziwi wanaweza kucheza ngoma, na kwamba watacheza pamoja na sisi tunaosikia, kundi moja, hatua moja. Nyuma ya madarasa kulikuwa na ukumbi wa zamani wenye sakafu ya mbao. Alilaza ngoma moja kwa moja juu ya zile mbao, akatuamuru tuvue viatu.

"Sikilizeni kwa nyayo," alisema kwa sauti, na papo hapo akalisema kwa mikono.

Alipoipiga, nikahisi kitu kinanipanda kutoka kisiginoni hadi magotini. Niliwatazama wale viziwi. Walikuwa wametulia kama watu wanaosomewa barua. Kisha Nakiete akaanza kutikisa mabega, peke yake, bila kuambiwa, na hakukosea hata pigo moja.

Tulikuwa kumi na wawili, sita viziwi na sita tunaosikia. Kila mmoja alipewa mwenzake, na mimi nikapewa Nakiete. Wakati ule nilijua sababu, au nilijidanganya kwamba naijua: nilikuwa mtoto wa mkonge, mwenye meno mabovu, nisiyejua lugha, kwa hiyo nimepewa yule ambaye wenzangu wote hawakumtaka. Miaka mingi baadaye mama aliniambia kwamba Mwalimu alinisikia jikoni nikigonga sufuria kwa mwiko, akamwuliza, "Huyu mtoto ni wako? Huyu ana mapigo. Nampa yule binti wangu mkali." Lakini hilo sikuambiwa nilipolihitaji.

Na Nakiete alikuwa mkali kweli. Nikichelewa hatua alinifinya mkono, juu ya kiwiko, pale penye nyama laini. Nikiharakisha, alinifinya vilevile. Nilirudi nyumbani na alama za bluu. Sikufikiria kwamba hana namna nyingine ya kuniambia "bado" katikati ya ngoma. Nilifikiri ananichukia.

Kilichoniuma zaidi ya kufinywa ni jina. Viziwi wana jina la ishara kwa kila mtu, na langu alilitunga yeye: kidole cha shahada kwenye meno ya mbele, mara mbili, tap tap. Nikipita bwenini naona vidole vinakwenda menoni. Nikiingia ukumbini, menoni. Niliwahi kudhani kwamba angalau hawa hawawezi kunitukana, kwa kuwa hawasemi. Kumbe nao wamepata njia, na aliyewafundisha ndiye mwenzangu.

Hata hivyo kulikuwa na siku nzuri, na siwezi kuziacha. Wenzangu wakicheka jambo kwa Kipare, mimi na Nakiete tulikuwa wa mwisho kujua kinachochekwa, na mara nyingine tuliangaliana tukiinua mabega. Jumamosi mama alimwekea ukoko wa sufuria ya ugali, naye alikaa mlangoni mwa jiko akiula taratibu, akimtazama mama usoni. Mama hakujua ishara. Walielewana kwa namna yao.

Muhula wa pili tukaambiwa kuna mashindano ya ngoma ya shule, mjini Same. Mwalimu Mbwambo alikuwa kama mtu mwenye homa. Alitutengenezea mwisho mpya: sote tunarudi nyuma, Nakiete anabaki mbele peke yake, anacheza, ngoma inapanda, inapanda, halafu inakatika ghafla na sote tunaganda kama mawe. Ukimya. Kisha ndipo watu wapige makofi.

"Kuna tatizo moja," alituambia. "Kule jukwaa ni la saruji. Saruji haisemi. Kwa hiyo kila anayesikia atamwonyesha mwenzake." Wengine walikuwa na wenzao ubavuni, ilikuwa rahisi. Nakiete ndiye atakuwa mbele, mbali na wote. "Wewe," akaninyooshea kidole, "utapiga goti kwenye kona ya mbele, pale anapokuona kwa pembe ya jicho. Mkono wako gotini. Nikipiga mapigo matatu mazito, unauinua juu. Ukiuinua tu, anasimama. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilielewa kwamba yeye atacheza mbele ya watu wa Same na mimi nitapiga goti.

Siku mbili kabla ya safari, wakati Mwalimu ametoka, Nakiete alisimama katikati ya ukumbi akaanza kutuigiza mmoja mmoja. Alikuwa hodari wa hilo. Alimwigiza mwalimu mkuu na pua yake, watu wakacheka. Akamwigiza Mwalimu Mbwambo, wakacheka zaidi. Halafu akagusa meno, tap tap, akainama, akatoa makalio nje, akapiga hatua zangu, zangu kabisa, na ule mkono ninaouweka mdomoni nikitaka kucheka. Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Wanaosikia na wasiosikia, wote kwa mara ya kwanza wanacheka kitu kimoja. Yeye akanigeukia akitabasamu, akanishika mkono kunivuta nicheze naye. Nikaunyakua mkono wangu.

Sikupanga kitu usiku ule. Nasema kweli. Nilikuwa na hasira tu, kama mtoto yeyote.

Tuliteremka Same kwa lori la shule, tumevaa kanga viunoni na njuga miguuni, mama akiwa mbele na ndoo za wali. Chini kulikuwa na joto la Makanya, joto la kwetu, na vumbi. Uwanja ulijaa. Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti na maneno mengi. Alipotutangaza alisema, "Sasa jamani tunao wasiosikia, tuwape moyo," na watu wakapiga makofi yale ya kuhurumia.

Tulipoanza, makofi yakabadilika. Niliyasikia yakibadilika. Ngoma ilikwenda vizuri kuliko siku zote za ukumbini. Tukarudi nyuma. Nikaenda kwenye kona yangu, nikapiga goti. Nakiete akabaki mbele.

Siwezi kuueleza uchezaji ule. Bibi mmoja mstari wa mbele alisimama bila kujijua. Mshereheshaji alinyamaza. Na mimi, gotini, nikiwa na vumbi machoni, niliwaza: wanamtazama yeye. Mimi ndiye ninayesikia, na wanamtazama yeye.

Mwalimu akapiga mapigo matatu mazito. Moja. Mbili. Tatu. Ngoma ikakatika. Nyuma yangu wote wakaganda.

Mkono wangu ulikuwa gotini. Niliuona pale. Nakumbuka kucha zangu na uchafu uliokuwemo. Sikuuinua.

Nakiete akaendelea. Katika ukimya ule zilisikika njuga zake tu, na pumzi. Watu walisubiri kidogo, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Halafu mtoto mmoja akapiga kelele, "Hasikii huyo! Hajui kama ngoma imeisha!" Kicheko kikaanza upande mmoja, kikazunguka uwanja mzima. Mshereheshaji akawasha kipaza sauti chake. "Jamani, huyu ana betri ya ziada!" Watu wakashikana mabega kwa kucheka.

Nakiete aliona nini? Aliona midomo imefunguka, meno, watu wanainuka, wanapunga mikono. Akadhani wamefurahi. Uso wake uling'aa. Akaongeza kasi, akatupia hatua yake mwenyewe ambayo Mwalimu alikuwa amemkataza, ya kuzunguka na kushuka hadi chini. Wakazidi kucheka, naye akazidi kuwapa.

Mahali fulani katikati alipatwa na wasiwasi. Alinitazama. Hakunitazama kwa pembe ya jicho, aligeuza kichwa kabisa na nyusi zimepanda juu, akiniuliza.

Mpaka hapo ningeweza kusema nilisahau. Lakini aliniuliza, nami nikamjibu. Nilizungusha kiganja mbele ya kifua, ishara ya kwanza kabisa aliyonifundisha: endelea.

Akaendelea. Mwalimu Mbwambo ndiye aliyetoka nyuma ya ngoma, akakatiza jukwaa, akamshika bega. Nakiete akasimama. Akawaona wenzake wamesimama kama nguzo. Akaiona ngoma imelala peke yake, haina mtu. Nilimwona akihesabu yote hayo, polepole, huku kifua kikimpanda na kushuka. Kisha akawatazama watu tena, yale meno yale yale, na safari hii akayasoma sawasawa.

Hakulia. Alivua njuga, mguu mmoja, halafu mwingine, akampa Mwalimu.

Nyuma ya jukwaa Mwalimu aliniuliza mbele ya mwalimu mkuu. Nakiete alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Uliinua mkono?"

"Niliinua, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Niliinua. Hakunitazama. Alikuwa anatazama watu."

Mwalimu mkuu akapumua kwa nguvu. "Nilikwambia, Mbwambo. Hawa wafundishwe kushona. Umetutia aibu mbele ya wilaya nzima." Mwalimu Mbwambo alinitazama kidogo, akageuka. Hakumuuliza Nakiete. Wala hakuna aliyemtafsiria kilichosemwa, ingawa alikuwa akiangalia midomo yetu, mmoja baada ya mwingine.

Kwenye lori la kurudi, viziwi walikaa upande mmoja. Nakiete aliwasimulia kwa mikono, kwa kifupi tu. Wote wakanigeukia. Hakuna aliyegusa meno. Mmoja wao, msichana mdogo kuliko wote, aliweka mkono gotini akauacha pale, akinitazama. Wengine wakafanya hivyo hivyo. Hilo ndilo likawa jina langu hadi nilipomaliza shule.

Nyumbani mama alisonga ugali. Alikuwa amesimama karibu na jukwaa na ndoo zake, upande wangu kabisa. Tulipokwisha kula akaniuliza, "Mkono wako unauma?"

"Hapana, mama."

"Sawa." Akaosha vyombo. Hakulizungumza tena, na hilo ndilo lililoniadhibu, maana mama yangu alikuwa mtu wa kuzungumza.

Wiki ile kundi likavunjwa. Likaundwa jingine, la wanaosikia tu, na mimi nikawekwa mbele. Tulishinda mwaka uliofuata. Nilicheza pale pale kwenye saruji ile, watu wakapiga makofi, na nikagundua kwamba sikuweza kuwatazama nyuso.

Wiki ile ile ya kuvunjwa kundi, baba yake Nakiete alikuja na mkoba mtupu, akaondoka umejaa nguo za binti yake. Alikuwa mzee mfupi, mwenye udongo mwekundu kwenye kucha. Mwalimu Mbwambo alimfuata hadi barabarani akimsihi. "Niliwaletea mtoto asome," mzee alisema. "Nyumbani hatumcheki." Nakiete alitembea mbele yake, hakugeuka. Mama alitoka jikoni mbio na ukoko kwenye jani la mgomba, akawakimbilia mteremkoni. Mimi nilibaki dirishani.

Miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa nimejitafutia sababu za kujitetea, nilimwambia Mwalimu Mbwambo kwamba hata viziwi hawakuwa wema, kwamba Nakiete alinitungia jina la kunitukana. Nikagusa meno yangu, tap tap. Mwalimu alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Hilo ni tusi? Mtoto wee, wao wanamwita kila mtu kwa kile wanachokiona. Mimi nani? Tumbo." Akajipigapiga kitambi. "Mwalimu mkuu ni Pua. Nakiete mwenyewe ni Kovu, hukuona hapa kwenye nyusi? Yeye alijiita hivyo mwenyewe." Kisha akasema, "Kwa hiyo ulikuwa na kinyongo naye." Hakusema kwa kuuliza. Nilimwona anaelewa, na nilimwona pia anaamua kutoelewa, kwa kuwa lilikuwa limekwisha na yeye alikuwa amechoka. Mwisho wa mwaka alihamishwa.

Hayo ndiyo yaliyonitoa mkekani siku ya msiba wa mama. Nilizunguka nyumba, nikamkuta Nakiete. Alikuwa ameinama kwenye sufuria kubwa za msiba, anasugua kwa majivu, kanga imefungwa kiunoni, kovu lile juu ya jicho. Pembeni yake msichana wa miaka kama tisa alikuwa akimmiminia maji.

"Shikamoo mama," msichana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mama yako?"

"Ndiyo."

Nakiete alinyanyua kichwa. Alinitambua mara moja, hilo nililiona. Nilijaribu ishara, mikono ikakataa. Nilikuwa nimezisahau zote, isipokuwa ile moja ambayo nisingethubutu kuifanya. Basi nikamgeukia mtoto. Leo naona hata siku ile nilimtwika mtu mwingine mzigo wangu.

"Mwambie mama yako kwamba siku ile ya Same kwa makusudi sikuinua mkono. Nilidanganya."

Msichana akanitazama, akamtazama mama yake, akasema kwa mikono. Nakiete akajibu kwa utulivu, majivu yakidondoka vidoleni.

"Anasema anajua. Ulimwambia aendelee."

"Mwambie... mwambie nilikuwa mtoto."

"Anasema na yeye alikuwa mtoto." Msichana akasubiri, akifuata mikono ya mama yake. "Anasema kuchekwa si kitu, alishachekwa sana. Anasema mwalimu alikuuliza wewe. Yeye alikuwa hapo hapo, hakuulizwa. Ndiyo maana hakutaka kurudi."

"Mwambie naomba anisamehe."

Mtoto alitafsiri. Nakiete alifikiri. Alifikiri kweli, hakuwa na haraka, kama mtu anayepima kitu mkononi. Kisha akatikisa kichwa, mara moja tu.

Msichana aliona haya. Akatazama chini. "Amesema hapana, mama."

Nakiete akarudi kwenye sufuria. Alizisugua zote nne, akazianika juani, akanawa. Waombolezaji walipoanza kuaga, aliingia kwenye mstari na binti yake. Alimpa kila mfiwa mkono. Alipofika kwangu akaushika wangu kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa kama inavyotakiwa kwa mtu aliyefiwa na mama yake, akaubana kidogo, akauachia, akampa mkono aliyesimama baada yangu.